Tembo wa Marumaru na Dhahabu ya Kilwa: Kikanisa cha Maziko ya Wafalme wa Ureno

Kanisa la monasteri ya Jerónimos, katika mtaa wa Belém jijini Lisbon, limejengwa mara mbili. Sehemu yake kubwa, ile anayoiona mgeni akishavuka mlango, ni ya mwanzoni mwa karne ya 16: nguzo nyembamba zenye pande nane, nakshi kuanzia chini hadi juu, na dari ya mawe iliyoinuka kiasi cha mita 25, mbavu zake zikikutana na kuachana. Kisha, pale altare ilipo, nakshi zinakatika. Kuta zimenyooka, nguzo zimepangwa jozi jozi kwa kanuni za Warumi wa kale, dari ni tao moja refu lililogawanywa kwa miraba, na mawe ya rangi mbalimbali yamekatwa na kung'arishwa hadi yanaakisi mwanga. Humo, ndani ya matao ya ukutani, yamewekwa makaburi manne ya mawe yaliyovikwa taji. Kila moja limebebwa mgongoni na tembo wa marumaru.

Upande mmoja wamezikwa Mfalme Manuel wa Kwanza, aliyetawala Ureno kuanzia 1495 hadi 1521, na mkewe Maria wa Aragon. Upande wa pili yupo mwana wao, João wa Tatu, aliyefariki 1557, pamoja na mkewe Catarina wa Austria. Ni Catarina, akiwa mjane, aliyeamuru kikanisa cha kwanza kibomolewe na hiki kijengwe mahali pake. Kilikamilika mwaka 1572.

Vitabu vya historia ya sanaa hukieleza kikanisa hiki kwa lugha ya mitindo: hapa unaisha mtindo wa enzi ya Manuel, hapa inaanza Renesansi ya baadaye iliyotoka Italia. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Kaburi la mfalme ni hoja kuhusu utawala: nani alistahili kutawala, kwa baraka za nani, na kwa mali ipi. Kikanisa cha Belém kinayajibu maswali mawili ya kwanza kwa sauti ya juu. La tatu kimewaachia tembo. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, hapo ndipo penye jambo, kwa sababu sehemu ya jibu hilo ilitoka Kilwa.

Manuel hakuzaliwa kuwa mfalme. Alikuwa mtoto wa mwisho katika tawi la pembeni la ukoo wa Avis, na kaka yake Diogo aliuawa mwaka 1484 kwa mkono wa mfalme wa wakati huo, João wa Pili, aliyekuwa binamu yao na pia shemeji yao. Mrithi halali alikuwa Afonso, mwana wa João. Kijana huyo akaanguka kutoka juu ya farasi mwaka 1491, akafa. Miaka minne baadaye baba naye akafariki, na kiti kikamfikia mtu ambaye utotoni hakuna aliyemtarajia kukikalia. Wareno walimpa lakabu ya Mwenye Bahati, na si kwa sababu ya safari za India peke yake.

Mfalme wa namna hiyo ana haja na kaburi kuliko mwingine yeyote. Wafalme wa Avis walikuwa na mahali pao, monasteri ya Batalha, kaskazini ya Lisbon. Mwasisi wa ukoo, João wa Kwanza, amelala pale na mkewe Philippa wa Lancaster, sanamu zao zikiwa zimeshikana mikono. Mfalme Duarte alianzisha pale jengo jingine la makaburi lenye vikanisa vidogo vilivyolizunguka, nalo halikuwahi kuezekwa hadi leo. Manuel hakuwapuuza waliomtangulia. Mwaka 1499 aliuhamishia Batalha mwili wa João wa Pili kwa heshima zote, na akaendeleza kazi ya jengo lile lisilokwisha. Mlango wake mkuu, ambao ni kati ya kazi nzuri kuliko zote za uchongaji wa mawe nchini Ureno, ulimalizwa 1509. Lakini yeye mwenyewe hakutaka kuwa wa mwisho kwenye foleni ya wakubwa wa Batalha. Alitaka ukoo uonekane unaanza upya kwake.

Akachagua ufuko. Belém ya wakati ule ilikuwa nje ya mji, mahali ambapo mto Tejo unakaribia bahari na meli zinasubiri upepo. Palikuwa na kanisa dogo la Mama Maria wa Bethlehemu, lililojengwa kwa ajili ya mabaharia na mwanamfalme Henrique, yule aliyesukuma safari za Wareno kuteremka pwani ya Afrika Magharibi. Papa alitoa kibali cha kuanzisha monasteri hapo mwaka 1496, kabla hata Vasco da Gama hajaondoka. Naye da Gama na watu wake walikesha wakisali katika kanisa hilo dogo usiku wa kuamkia safari yao ya Julai 1497. Manuel aliwakabidhi mahali hapo watawa wa Mtakatifu Jeromu, akiwapa kazi mbili: kuiombea roho ya mfalme kila siku na kuwahudumia kiroho mabaharia. Shirika hilo lilipendwa sana na wafalme wa rasi ya Iberia. Kaizari Charles wa Tano alikwenda kufia katika monasteri yao ya Yuste mwaka 1558, na mwanawe Philip wa Pili aliwaweka watawa haohao kwenye Escorial, jumba lake kubwa la ibada na makaburi lililoanza kujengwa 1563.

Ujenzi wa Belém ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500, na uligharimiwa hasa kwa ushuru ulioitwa vintena: sehemu moja ya ishirini ya mapato ya biashara ya Afrika na Asia. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni thamani ya kilo 70 za dhahabu kwa mwaka. Kwa maneno mengine, kila shehena iliyofika Lisbon kutoka ng'ambo ya bahari ilikuwa ikilipia mawe ya kaburi la mfalme, na kadiri meli zilivyorudi zimejaa ndivyo ramani ya jengo ilivyopanuka.

Msanifu wa kwanza alikuwa Diogo de Boitaca. Kuanzia 1517 kazi ilishikwa na João de Castilho, mjenzi kutoka kaskazini ya Hispania, na kipaji chake ndicho kinachomduwaza mgeni hadi leo. Alivusha dari juu ya makutano ya kanisa, upana wa mita 19 hivi, bila nguzo hata moja katikati. Tetemeko la ardhi la 1755 lililoiangusha sehemu kubwa ya Lisbon halikuiangusha dari hiyo. Lango lake la kusini, lenye kimo cha mita 32, limejaa sanamu za watakatifu, na katikati, juu ya nguzo inayogawa mlango, amesimama mwanamfalme Henrique. Kwenye ua wa ndani wa watawa mawe ya chokaa ya Lisbon yamechongwa kamba za meli, majani ya nchi za mbali, msalaba wa Shirika la Kristo, na tufe la pete ambalo wataalamu wa nyota walilitumia kuonyesha mwendo wa sayari. Tufe hilo Manuel alilifanya nembo yake, na mtu akitembea Belém akianza kulihesabu atachoka.

Mlango wa magharibi ni mdogo kuliko ule wa kusini, lakini kwa habari ya maziko ndio muhimu zaidi, maana unatazamana moja kwa moja na altare. Aliuchonga Nicolau Chanterene, Mfaransa aliyeleta Ureno mkono wa Renesansi. Kushoto amempigisha Manuel magoti, Mtakatifu Jeromu akiwa nyuma yake; kulia yupo Maria wa Aragon na Yohane Mbatizaji. Nyuso zao ni za watu halisi. Mfalme ana mashavu mazito na macho ya mtu anayesikiliza. Chanterene alimfanya Manuel aonekane yu hai, mlangoni, akisubiri kuingia. Ndani, kwenye kaburi lenyewe, uso wake haumo.

Kabla ya kuingia ndani, lazima simulizi ipite Kilwa.

Julai 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga Kilwa Kisiwani. Mji huo ulikuwa umetajirika kwa karne kadhaa kwa kushika njia ya dhahabu iliyotoka nyanda za Zimbabwe kupitia bandari ya Sofala; msikiti wake mkuu wenye makuba na jumba la Husuni Kubwa vilikuwa vikongwe tayari wakati Belém ingali ufuko mtupu. Amir Ibrahim, aliyekuwa akitawala, alipewa masharti mafupi: akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na alipe kodi ya dhahabu kila mwaka, la sivyo mji utapigwa mizinga. Kiasi kinachotajwa zaidi ni mithkali 1,500. Dhahabu ikalipwa, ikapakiwa, ikafika Lisbon mwaka 1503. Kulipa hakukuiokoa Kilwa. Julai 1505 Francisco de Almeida alishusha askari wake mjini, wakaupora, akamweka mtawala mwingine na kujenga ngome. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Mombasa, nayo ikaporwa na kuchomwa moto.

Manuel aliamuru dhahabu ya Kilwa itengenezwe monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huonyeshea Ekaristi ili waumini waiabudu. Ni kazi inayohusishwa na sonara Gil Vicente, na watafiti bado wanabishana kama ndiye yule Gil Vicente mwandishi mkuu wa tamthilia wa Ureno au ni mtu mwingine wa jina hilo. Chombo kina kimo cha sentimita 73 hivi. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, yaani mkate wa Ekaristi, kila mmoja na sura yake, wamepakwa rangi za enameli. Juu yao panapanda minara myembamba iliyochongwa kama ya kanisa. Kwenye shina yamepangwa yale matufe ya Manuel, na kitako kimejaa ndege na maua. Kisha, kuzunguka kitako hicho, kuna maandishi yanayotamka bila kificho kwamba Mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika 1506. Katika wosia wake mfalme alikiacha kiende Belém, kwenye monasteri ambamo angezikwa.

Hapo ndipo mpango wote wa Manuel unapoonekana. Mahali patakatifu pa Bethlehemu, kwa kufuata Injili, ni mahali ambapo Mamajusi kutoka mashariki walileta dhahabu, uvumba na manemane. Mfalme wa Ureno alijenga Bethlehemu yake ukingoni mwa Tejo, akaipatia dhahabu iliyotoka mashariki, na akajipangia kulala hapo hadi siku ya ufufuo. Hata mchoro mkubwa wa altare, uliochorwa na Lourenço de Salzedo miaka mingi baada ya Manuel kufa, unaweka Kuabudu kwa Mamajusi pamoja na matukio ya Mateso ya Kristo. Lakini Mamajusi walisafiri kwa hiari na kutoa kwa mapenzi yao. Ibrahim wa Kilwa alikaa kwake, na dhahabu ilitoka mkononi mwake chini ya midomo ya mizinga. Picha ya ibada imechukua nafasi ya tukio, na imechorwa kwa ustadi kiasi kwamba mtazamaji asiyeambiwa hawezi kujua. Uzuri wa monstransi ile ni wa kweli na unastahili kustaajabiwa. Na dhuluma iliyoizaa ni ya kweli vilevile. Anayetaka kuichambua hana budi kuyabeba yote mawili.

Miaka 50 baadaye, mwanamke aliyerithi kazi ya Belém alikuwa na huzuni ambayo dhahabu haikuweza kuiondoa. Catarina wa Austria, mdogo wake Charles wa Tano, aliolewa na João wa Tatu mwaka 1525. Walizaa watoto tisa, na hakuna hata mmoja aliyewazika wazazi wake. Wa mwisho kubaki, mwanamfalme João Manuel, alifariki Januari 1554, siku 18 tu kabla mkewe hajajifungua mtoto wa kiume. Mtoto huyo ndiye Sebastião. João wa Tatu alipofariki mwaka 1557, taji liliwekwa juu ya kichwa cha mtoto wa miaka mitatu, na bibi yake Catarina akashika utawala kwa niaba yake.

Huyu ndiye aliyeona kikanisa cha zamani hakifai. Kilikuwa kidogo na cha unyenyekevu ukikilinganisha na kanisa kubwa alilolikamilisha Castilho, na ukoo uliokuwa umebakiwa na uhai wa mtoto mmoja ulihitaji mawe yanayosema kwamba bado umesimama imara. Kazi akapewa Jerónimo de Ruão, mwana wa mchongaji Mfaransa aliyehamia Ureno. Hakujaribu kushindana na Castilho kwa nakshi. Alichora kila kitu kwa rula na bikari: nguzo za mtindo wa Ionia chini, za Korintho juu yake, matao yanayolingana, na ile dari ya miraba inayorudisha mwangwi wa majengo ya Roma. Rangi haikutoka kwenye brashi bali kwenye mawe yenyewe. Matokeo yake ni ukimya mzito unaofuata mara moja baada ya shangwe ya kanisa la nje. Wachambuzi wengine wamekilaumu kikanisa hiki kuwa ni kikavu na kwamba kimeharibu umoja wa jengo. Lawama hiyo ina haki kwa upande wa macho, kwani kweli mshono unaonekana. Kwa upande wa maana, mshono huo ndio unaokifanya kiwe na nguvu: kizazi kilichotoka kushangilia bahari kimekutana na kizazi kinachozika.

Jambo la ajabu zaidi katika kazi ya Jerónimo de Ruão ni lile ambalo hakulichonga. Hakuna mwili juu ya makaburi. Katika Ulaya ya karne ile, kaburi la kifalme bila sanamu ya marehemu lilikuwa jambo la nadra. Ndugu wa karibu wa familia hii, Isabel na Ferdinand wa Hispania, wazazi wa Maria na babu na bibi wa Catarina, wamelala Granada katika marumaru ya Carrara iliyochongwa na Mtaliani Domenico Fancelli, wakiwa na mavazi yao na nyuso zao. Kule Kraków, Poland, Bartolommeo Berrecci alimjengea Mfalme Sigismund wa Kwanza kikanisa chenye kuba, kilichoanza 1519 na kuwekwa wakfu 1533. Mfalme ameegama kwa kiwiko juu ya marumaru nyekundu akiwa amevaa deraya, sura ya mtu aliyepitiwa na usingizi.

Ufaransa walikwenda mbali zaidi, na mfano wao unafaa kutazamwa kwa makini kwa sababu ni wa miaka ileile ya Belém. Catherine de' Medici, mjane mwingine, alimjengea mumewe Henri wa Pili kaburi katika kanisa la Saint-Denis kati ya 1561 na 1573. Mchoraji Primaticcio alilibuni, Germain Pilon akalichonga. Ghorofa ya juu mfalme na malkia wanasali kwa magoti, wamefinyangwa kwa shaba. Ghorofa ya chini wao haohao ni maiti za marumaru, karibu uchi, vichwa vimeegemea nyuma. Malkia aliyekuwa bado hai aliagiza achongwe akiwa mfu. Hoja ya Saint-Denis ni kwamba mwili wa mfalme unaoza kama wa mtu yeyote, na ufalme unaendelea kupiga magoti juu yake.

Lisbon haikuonyesha mwili unaooza wala mwili unaosali. Juu ya kila sanduku kuna umbo linalopungua kuelekea juu kama piramidi, kisha taji. Basi. Sababu moja inaweza kutafutwa katika Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliomalizika 1563 kwa kuonya dhidi ya sanamu na fahari zisizo na heshima makanisani, na Ureno ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuyapokea maagizo yake. Kikanisa hiki pia ndimo altare kuu ilimo, hivyo macho yanatakiwa yaende kwenye Ekaristi na si kwenye uso wa mfalme. Lakini kuna sababu nyingine iliyo karibu na moyo. Kwa Catarina, aliyezika watoto wake mmoja baada ya mwingine, uso mmoja zaidi wa jiwe ungekuwa na kazi gani? Alichohitaji kuonyesha ni taji, kitu kinachohama kutoka kichwa hadi kichwa.

Kwa hiyo viumbe pekee wenye macho katika makaburi yale ni tembo. Wametoka sehemu mbili, na ni vigumu kuzitenganisha. Sehemu ya kwanza ni vitabu. Wasomi wa Renesansi walijifunza kwa Plinio, mwandishi wa Roma ya kale, kwamba tembo ni mnyama mwenye kumbukumbu, usafi wa tabia na hata uchaji, na wachoraji wa Italia walizoea kuonyesha gari la Umaarufu likikokotwa na tembo kulishinda gari la Mauti. Karibu miaka 120 kabla ya kikanisa cha Catarina, Sigismondo Malatesta, bwana wa mji wa Rimini, alikuwa ameshawaweka tembo wa mawe chini ya nguzo na makaburi katika kanisa lake. Jerónimo de Ruão hakuwa wa kwanza, basi, kumpa tembo kazi ya kumbeba maiti.

Sehemu ya pili ni mitaa ya Lisbon yenyewe, ambako tembo hawakuwa wa vitabuni. Manuel alifuga tembo wa kutoka India na kuwapitisha katika maandamano yake. Mwaka 1515 aliletewa kifaru kutoka Gujarat, akampambanisha na tembo ili aone kama waandishi wa kale walisema kweli kuhusu uadui wao. Habari za kifaru huyo zilimfikia Albrecht Dürer, akachora picha yake mashuhuri bila kumwona kamwe. Mwaka mmoja kabla yake, Manuel alimpelekea Papa Leo wa Kumi tembo mweupe aliyeitwa Hanno, akapita katika mitaa ya Roma mbele ya umati.

Aliyeuongoza ujumbe huo wa Roma alikuwa Tristão da Cunha. Jina hilo pwani yetu inalijua kwa jambo lingine. Mwaka 1507 aliishambulia Barawa, mji wa Waswahili katika Somalia ya leo, akaupora na kuuchoma; Lamu nayo ilikubali kulipa kodi. Mtu yuleyule aliyekusanya mali kwa moto kusini mwa ikweta na kaskazini yake ndiye aliyekabidhi zawadi kwa upole mbele ya Papa. Tembo wa Belém wametokana na ulimwengu huo, ambamo mnyama wa ng'ambo akishafikishwa Ulaya anageuka kuwa ushahidi kwamba bahari imekubali kutawaliwa. Chini ya sanduku la Manuel wanafanya kazi ambayo maandishi ya monstransi yalifanya miaka 66 nyuma yao, ila kwa njia tofauti. Monstransi inataja mahali. Tembo hawataji. Kati ya 1506 na 1572 jina la Kilwa limeondoka, na kilichobaki ni alama ya jumla ya "mashariki", nzuri, tulivu, isiyomdai mtu yeyote kitu.

Badiliko hilo halikutokana na aibu. Kilwa ilikuwa imekwisha kuwa na faida ndogo kwa Lisbon. Ngome iliyojengwa 1505 iliachwa mwaka 1512, wafanyabiashara walitafuta njia nyingine, na macho ya Wareno yakahamia Goa, Malaka na Brazili. Mji ambao dhahabu yake iliwekwa mikononi mwa mitume 12 ukasahauliwa na walioichukua dhahabu hiyo.

Nguvu ya taji lile juu ya makaburi haikudumu. Catarina alifariki Februari 1578. Agosti mwaka huohuo mjukuu wake Sebastião, akiwa na umri wa miaka 24, aliongoza jeshi kuingia Moroko na kuangamia nalo kwenye vita vya Alcácer Quibir. Kiti kikaenda kwa baba mdogo wa baba yake, Kadinali Henrique, mzee na kasisi asiye na mtoto, aliyefariki mwanzoni mwa 1580. Miaka minane baada ya kikanisa kukamilika, ukoo uliokijenga ulikuwa umekwisha, na Philip wa Pili wa Hispania, mjukuu wa Manuel kwa upande wa mama, akauchukua ufalme. Ni yeye aliyeurejesha mwili uliosemekana kuwa wa Sebastião, ukazikwa Belém mwaka 1582 katika mkono wa kanisa, nao pia juu ya tembo. Maandishi ya kaburi hilo yanasema Sebastião amelala humo, ikiwa habari ni za kweli. Wareno wengi waliamini si za kweli, wakamsubiri arudi kwa vizazi kadhaa. Pengine hakuna kaburi jingine la mfalme Ulaya ambalo lenyewe linakiri shaka juu ya aliyemo ndani yake.

Kaburi la da Gama linalopigwa picha sana karibu na mlango halimo katika hadithi hii, ingawa wageni wengi hudhani limo. Alifia Cochin mwaka 1524, na mifupa yake ililetwa Belém mwaka 1880, wakati taifa la Ureno lilipokuwa likijitafutia mashujaa upya. Sanduku lake na la mshairi Camões ni kazi za karne ya 19 zilizovikwa mavazi ya karne ya 16.

Ni vyema kukumbuka kwamba kuweka bahari juu ya kaburi hakukuwa uvumbuzi wa Lisbon. Kwenye kaburi la nguzo la Mambrui, karibu na Malindi, na kwenye makaburi ya Kunduchi, pembezoni mwa Dar es Salaam, mafundi wa pwani walipachika bakuli za kauri za China ndani ya chokaa ya matumbawe. Mwungwana aliyezikwa hapo alitangaza jambo linalofanana na la Manuel: kwamba mkono wake ulifika mbali. Tofauti iko kwenye namna vitu vilivyopatikana. Bakuli la Mambrui lilinunuliwa katika biashara iliyokuwa ikiendeshwa na watu wengi, Waarabu, Wahindi, Waajemi, Waswahili, bila mmoja wao kuwalipisha wengine wote kodi ya kusafiri.

Leo monstransi ya Belém haipo Belém. Mashirika ya watawa yalifutwa Ureno katika miaka ya 1830, mali zao zikatawanyika, na chombo hicho sasa kimo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, kilomita chache kutoka kwenye makaburi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981; monasteri ya Jerónimos na Mnara wa Belém mwaka 1983. Ni maeneo mawili katika orodha moja, na kinachoyaunganisha ni kitu kimoja kinachoshikika, chenye tarehe, chenye jina la mji kwenye kitako chake. Mafundi wa makumbusho, walimu wa historia na waongoza watalii wa pande zote mbili wana kazi rahisi ya kuanzia hapo: picha na tafsiri ya maandishi yale ionyeshwe Kilwa Kisiwani, penye msikiti mkuu, na jina la Amir Ibrahim lisomwe Belém pamoja na majina ya Manuel, Maria, João na Catarina.